Kidole Kimoja kwa Mwizi, Kingine kwa Mti

Nitamwita Mwalimu, na mambo ya jina yaishie hapo. Yeye mwenyewe aliniambia jina lake lilishasomwa kwa sauti mahakamani mara za kutosha. Alizaliwa wapi, baba yake ni nani, sijui, na sikuwahi kuuliza. Nilimjua miaka mingi hapa Mwiki, na nilimjua kwa njia ambayo watu wachache humjua mwenzao: mimi ndiye niliyemfunga. Hakimu alisoma tu hukumu. Maneno yaliyomfunga yalitoka mdomoni mwangu, nikiwa nimeshika Biblia.

Mimi shule niliacha darasa la nne. Nilivunja mawe kwa nyundo upande wa Juja mpaka nikanunua lori kuukuu la kubeba mchanga, halafu nikajenga banda la video hapa Mwiki. Mabati, viti vya mbao, na TV kubwa kuliko zote mtaani wakati huo. Siombi huruma. Nasema ili ujue kwamba siku Mwalimu alipokuja kuomba banda Jumamosi asubuhi, awafundishe wanafunzi wake fizikia kwa filamu, nilifurahi kuliko yeye. Watoto wa sekondari waje kusomea kwangu!

"Chukua," nikamwambia. "Asubuhi hakuna mteja. Lakini usiniharibie deki."

Hakuharibu deki. Alichafua kioo cha TV. Kila Jumamosi saa sita nilikuwa nafuta alama za vidole vyenye mafuta ya mandazi, kwa sababu ya namna yake ya kufundisha.

Filamu zangu zilikuwa zile zilizowekewa sauti ya kijana anayezungumza juu ya waigizaji kwa Kikuyu na Kiswahili, akiwatania na kuwapa majina ya hapa kwetu. Watu walikuja kumsikia huyo kijana kuliko kuangalia picha. Mwalimu alianza kwa kuzima sauti.

"Aii, Mwalimu!" darasa zima likalalamika. "Sasa tutajuaje stori?"

"Stori haiko kwa mtihani."

Kulikuwa na filamu moja ya mwizi aliyepanda juu ya treni. Mwalimu alipenda kipande kimoja tu, hata dakika hakifiki: mwizi amesimama juu ya behewa, na mpiga picha yuko kwenye gari linalokimbia sambamba na treni. Alisimamisha picha na rimoti, akaita wanafunzi wawili mbele. Mvulana aliweka kidole kwenye kioo, juu ya mwizi. Msichana akaweka chake juu ya mti ulio nyuma. "Mfuateni, msimwache," akasema, akabonyeza. Kidole cha mvulana kikabaki palepale katikati ya kioo. Cha msichana kikateleza pamoja na mti, kikaenda, kikatoka nje ya TV.

"Nani anaenda?"

"Mwizi!"

"Kidole cha mwizi kimetoka mahali?"

Mmoja akasema, "Hapana. Ni mti umeenda."

"Miti ya kwenu huwa inaenda?"

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Mti umeenda, kwa macho ya nani?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, kwa macho ya nani. Akiulizwa habari ya asubuhi, anajibu, nzuri, kwa macho ya nani? Ukimwambia bei ya unga imepanda, anauliza kama ni unga umepanda ama ni mfuko wako umeshuka. Watu wengine walimkwepa kwa ajili ya hilo, na siwalaumu. Mtu anataka salamu, hataki mtihani.

Nilikaa nyuma ya banda Jumamosi nyingi nikijifanya narekebisha viti. Nilisikia somo hilo hata mara ishirini, kwa sababu alilirudia kwa kila darasa. Alikuwa na filamu nyingine ya malori mawili yanayokimbia bega kwa bega, na mtu wa lori moja anampokeza mwenzake mtoto mchanga kupitia dirishani, taratibu, kama watu wanaopokezana kikombe mezani. Na alikuwa na ya zamani sana, ambapo dereva anazungusha usukani wa gari lisilokwenda popote huku picha ya barabara ikikimbia nyuma yake. Hiyo aliipenda kuliko zote. Mwishoni alisimama mbele ya TV, mikono mifukoni, akasema maneno ambayo naweza kuyarudia leo bila kukosea:

"Macho yako yanakuonyesha pengo. Yanakuambia pengo limeongezeka ama limepungua. Hayakuambii ni nani ameenda. Ukitaka kujua ni nani ameenda, tafuta kitu cha tatu."

Nilisikia mara ishirini. Kusikia si kazi.

Usifikiri alikuwa mtu mwema wa kupendwa na kila mtu. Alikuwa mkali. Aliyechelewa hakuingia, alisimama nje ya banda na kuangalia kupitia tundu la msumari kwenye mabati, hata mvua ikinyesha. Nilimwambia, Mwalimu, huyo mtoto analoa. Akasema, "Analoa, lakini anaona." Hakumsifu mtu. Mwanafunzi akipata yote anaambiwa, "Umefanya kazi yako." Na filamu zenyewe alizichukia. Sikumbuki akitazama hata moja mpaka mwisho. Niliwahi kumuuliza kama hataki kujua ikiwa yule mwizi alikamatwa, akaniangalia kana kwamba nimemuuliza mwizi huyo alikula nini asubuhi.

Tena huyu mtu wa kufundisha mwendo alikuwa dereva mwoga kupita madereva wote niliowahi kuona. Alikuwa na pickup nyeupe, ya zamani, na aliiendesha kama amebeba mayai. Kila mara jicho kwenye kioo. Sisi watu wa mchanga tulimcheka. "Mwalimu, utaota mizizi hapo!" Anainua mkono tu, haongezi mwendo.

Siku moja aliniumiza. Ninaandika hili kwa sababu liliingia katika yaliyofuata, ingawa kwa muda mrefu nilikataa kwamba liliingia. Wanafunzi walikuwa wametoka, nikamwambia kwamba hilo somo lake ni la watu ambao hawajaenda mahali. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na ninajua kitu kinachoenda na kisichoenda, sihitaji kidole. Alikuwa anakunja waya wa deki. Akasema bila kuinua kichwa:

"Baba Njeri, una macho mazuri sana. Huna swali."

Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mimi ambaye sikusoma, nilijua nimeambiwa nini. Nililiweka mahali.

Sasa mambo ya mto Chania.

Barabara ilikuwa ikitengenezwa pale kwenye kilima cha kutoka mtoni, karibu na maporomoko, na magari yalipitishwa upande mmoja kwa zamu. Nilikuwa nimebeba mchanga, naingia Thika. Foleni ilisimama kilimani. Mbele yangu niliona mlango wa nyuma wa pickup nyeupe na madawati ya shule yamefungwa kamba, nikajua ni yeye. Nikapiga honi ya utani. Akainua mkono kwenye kioo.

Lori langu halikuwa na handbreki ya kuaminika. Nani alikuwa nayo? Sisi tulilishika lori kilimani kwa klachi: unaachilia klachi nusu, unakanyaga mafuta kidogo, lori linabaki hapo likitetemeka, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Ni ufundi, na nilijivunia. Ila mguu wa kushoto ukilegea kidogo tu, lori linasogea mbele, na wewe husikii, kwa kuwa lilikuwa likitetemeka tangu mwanzo.

Kushoto, kando ya barabara, kulikuwa na muuza miche. Hao wa pale hupanga mifuko yao chini kwa safu. Dirisha langu la kushoto lilikuwa limesimama sawa na avokado, na tukaanza kubishana bei.

"Hizi ni za kupandikizwa, Mzee. Miaka mitatu unakula."

"Miaka mitatu nitakuwa hai?"

"Wewe? Utatuzika sote!"

Akageuka na kuinama kutafuta mfuko wa kunibebea. Mimi nikarudisha uso mbele. Na nikaona ule mlango wa pickup unanijia. Polepole, lakini unakuja. Nikasema, huyu mtu anarudi nyuma! Nikapiga honi. Sikukanyaga breki, maana aliyesimama atakanyaga breki ya nini?

Mama mmoja muuza mananasi alikuwa akikatiza kati ya magari yetu, na beseni kichwani. Nilisikia sauti yake, kisha nikasikia beseni.

Mlango wangu wa dereva ulikuwa mbovu, nilikuwa nimeufunga na waya, kwa hivyo sikuzote nilishukia upande wa kushoto. Nikashuka, na mguu wangu ukakanyaga waridi. Muuza miche hakuwa amejua bado kilichotokea, akapiga kelele, "Mzee, waridi zangu!" Nakumbuka nilimtukana. Halafu wote tukamwona yule mama. Mwalimu alikuwa amekwisha piga magoti chini ya bampa yangu, amemshika kichwa, shati lote limeloa, akimwambia, "Niangalie mimi. Niangalie mimi." Yule mama alifariki hospitali siku ya tatu.

Polisi walipouliza nani aliona, mimi nilisema, mimi. Niliona pickup ikirudi nyuma. Nilikuwa nimesimama. Niliamini hivyo, sikuwa nikidanganya. Walijaribu handbreki ya pickup wakaikuta dhaifu. Ya lori langu hakuna aliyeijaribu. Mimi nilikuwa shahidi.

Mahakamani Mwalimu hakuwa na wakili. Aliniuliza mwenyewe.

"Baba Njeri, una uhakika ulikuwa umesimama?"

"Mheshimiwa," nikamwambia hakimu, sikumjibu yeye, "huyu mtu aliwahi kuniambia nina macho mazuri sana. Basi niliona na hayo hayo macho."

Watu wakacheka. Hata karani. Niliposikia kicheko hicho, lile jambo nililokuwa nimeliweka mahali lilipoa kifuani kama uji uliowekwa dirishani.

"Kando yako kulikuwa na nini?" akauliza.

"Barabara."

Wakacheka tena, na hakimu akamwambia Mwalimu hapa si darasani. Akakaa.

Zamu yake ya kujitetea ilipofika, alisema kwamba kwenye kioo aliona lori langu likizidi kuwa kubwa, na kwamba hakuhisi gari lake likirudi. Mwendesha mashtaka akamuuliza, je, anaweza kuapa kwamba halikurudi hata kidogo? Mwalimu aliangalia vidole vyake. Nilimwangalia. Nilijua anachofanya. Alikuwa anatafuta kitu cha tatu, na hakuwa nacho. Alikuwa ametazama kioo tu.

"Siwezi kuapa," akasema.

"Kwa hivyo huenda lilirudi?"

"Huenda."

Hilo "huenda" lilimpeleka ndani miaka miwili na kumwondoa katika kazi ya ualimu. Aliyesoma alisema hajui. Mimi wa darasa la nne nikasema najua, na mahakama ikamchukua anayejua. Nilitoka pale nimeinua kichwa. Nikanunua nyama.

Jumamosi zikawa tupu. Katika mwezi wa tatu tangu afungwe, niliingia bandani asubuhi kufagia, nikaona kwenye kioo cha TV alama za vidole ambazo sikuwa nimezifuta. Sijui ni nini kilinituma. Niliweka ile filamu ya treni. Nikazima sauti. Nikaweka kidole kimoja kwa mwizi na kingine kwa mti, mzee mzima, nimesimama peke yangu mbele ya TV mikono juu kama mtu anayekamatwa. Kidole cha mti kikaondoka. Na hapo ndipo niliona dirisha langu la kushoto, na avokado, kisha mguu wangu ukishuka juu ya waridi.

Kama nilikuwa nimesimama, avokado zilikwenda wapi?

Nilizima TV. Nikaenda Chania siku hiyohiyo. Muuza miche alikuwepo. Nikamuuliza anavyopanga, akasema avokado hapa, waridi pale, hivyo hivyo tangu aanze. Nilipima kwa hatua zangu. Mbili. Nilisimama hapo kati, magari yakipita, na sikujua nifanye nini na mwili wangu, kwa hivyo nikanunua mche mmoja wa avokado. Nikaupanda nyuma ya nyumba.

Na nikanyamaza. Nilikuwa na sababu, na zote ziliitwa mimi. Jina langu, lori langu, kiti changu cha mbele kanisani. Nilijiambia ameshakaa nusu. Alipotoka nilijiambia ameshatoka. Banda la video nililifunga vijana walipohamia kwa simu, TV nikaiuza. Lori nililiuza. Mti ulizaa mwaka wa nne, si wa tatu, yule mtu alinidanganya. Sikula hata moja. Niliwaambia watu wa nyumbani tumbo langu haliwezi.

Mwaka huu mguu wangu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Nikasikia Mwalimu anaishi Murera, anatengeneza pasi na redio. Jumamosi moja asubuhi nikajaza mfuko avokado, nikaenda.

Nilimkuta amezeeka kunipita, na nina miaka sitini na minane. Chumba kimoja, meza, nyaya. Nje ya mlango baiskeli yenye mitungi miwili ya maji, ya njano, imejazwa tayari.

"Karibu, Baba Njeri. Kiti ni hicho. Mimi nitakalia debe."

"Nimekuletea avokado. Za nyumbani."

Alichukua moja akaibonyeza na kidole gumba. "Ni ya kupandikizwa."

"Eeh. Mche nilinunua Chania. Pale pale."

Akaiweka chini. Nikamwambia. Sikupamba.

"Rudia," akasema. "Polepole. Uliposimama, kwa dirisha kulikuwa na nini?"

"Avokado."

"Uliposhuka?"

"Waridi."

"Hukuruka?"

"Hili goti halijawahi kuruka."

"Kati ya hizo mbili?"

"Hatua mbili. Nilipima."

Alinyoosha mkono, akaweka kidole kimoja kwenye meza, na kingine kando yake. Kimoja kikabaki. Kingine alikisogeza taratibu mpaka vikagusana. Akaviangalia hivyo vidole.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe, Mwalimu. Ni mimi."

"Kila siku nimekuwa nikiiangalia ile pickup kwa kichwa. Siku zingine inarudi. Siku zingine hairudi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Sikujua, Baba Njeri. Miaka hii yote sikujua kama nilimuua."

Nilidhani hapo ndipo atalia, au atanishika mkono. Nilikuwa nimekuja nikitumaini mojawapo. Yeye aliichukua tena ile avokado, akaigeuza.

"Huu mti uliupanda lini?"

Nilijua ameshapiga hesabu. Alitaka tu nifanye mwenyewe.

"Ukiwa ndani."

"Mwanzo ama mwisho?"

"Mwanzo. Mwezi wa tatu."

Hakupandisha sauti. "Toka nje kidogo," akasema.

Nilitoka, akafunga mlango. Nilisimama hapo kwenye jua kama mwanafunzi aliyechelewa, na sikuwa na hata tundu la kuchungulia. Sijui ni muda gani. Alipofungua, alikuwa na ule mfuko wa avokado. Akauning'iniza kwenye usukani wa baiskeli.

"Twende polisi, Mwalimu," nikamwambia. "Nitasema yote, waandike."

"Utaenda. Polisi watakuwepo Jumatatu. Leo ni Jumamosi, na mama yake yule muuza mananasi anaishi pale, nyumba ya tatu, hana maji. Nilihamia huku kwa ajili yake. Siku ya kwanza alinimwagia maji machafu. Nikarudi. Kila Jumamosi ameniona mlangoni akijua ni mimi niliyemuulia mtoto. Mpelekee."

"Twende pamoja, basi."

"Niende kumwambia nini? Leo mimi sina neno."

Akaingia. Nikaisukuma baiskeli, siwezi kuipanda tena. Nyumba ya tatu haikuwa mbali. Nilimkuta mama amekaa kizingitini, anachambua maharagwe kwenye ungo. Macho yake yana ukungu, lakini alijua kwamba hatua hizo si zile alizozizoea.

"Mwalimu ako wapi? Amegonjeka?"

"Hapana, Mama. Yuko salama."

"Na wewe ni nani?"

Nilishusha mtungi wa kwanza. Nikashusha wa pili. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukitetemeka vile vile, kama umeshika klachi. Niliuweka mfuko kando ya ungo wake.

"Mama," nikaanza, "siku ile lori langu lilisimama kando ya avokado."